Timu ya daraja la pili ilifikaje fainali ya Kombe la Wanawake Wales?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Nilianza kuifuatilia Wrexham baada ya wale waigizaji wawili, Ryan Reynolds na Rob McElhenney, kuinunua, na huko ndiko nilikokutana na soka la wanawake la Wales. Nikipekua matokeo ya nyuma nimeona kwamba msimu wa 2022/23 Cardiff City waliwafunga Briton Ferry Llansawel 4–0 kwenye fainali ya Kombe la Wanawake. Hao Briton Ferry walikuwa daraja la pili! Walifikaje fainali ya nchi nzima? Kombe ndilo dhaifu au ligi ndiyo dhaifu? Cardiff walikwenda Ulaya kwa kombe hilo? Na jambo linalonichanganya kuliko yote: Wrexham ya wanaume inacheza England, mbona ya wanawake haimo?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu bila hilo mengine hayafunguki.

Wales ina chama chake cha soka, FAW, kilichoanzishwa Wrexham mwaka 1876. Kwa ukongwe ni cha tatu duniani, nyuma ya England na Scotland tu. Lakini chama hicho kilikaa zaidi ya miaka mia moja bila ligi ya taifa. Kombe kilikuwa nalo tangu msimu wa 1877/78, na bingwa wa kwanza alikuwa Wrexham huyo huyo. Ligi hakikuwa nayo. Klabu kubwa zikavuka mpaka na kuingia ligi za England, ndiyo maana unasoma kwamba Cardiff City ya wanaume ilitwaa Kombe la FA mwaka 1927 kwa kuifunga Arsenal 1–0. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya nje ya England iliyowahi kulibeba.

Ligi ya taifa ya wanaume ilianza mwaka 1992, na wala haikuanza kwa kuwa mashabiki waliililia. Katibu mkuu wa FAW wakati huo, Alun Evans, alikuwa akiangalia siasa za mpira. England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini ni nchi nne ndani ya dola moja, lakini kila moja ina uanachama wake FIFA na kura yake katika bodi inayotunga sheria za mchezo. Wanachama wengine hawakuacha kuuhoji upendeleo huo. Nchi isiyo hata na ligi yake ingejitetea vipi? Klabu ndogo zilizogoma kujiunga zilibanwa, nyingine zikawa zinacheza mechi zao za "nyumbani" ng'ambo ya mpaka, na zilizokwenda mahakamani zikashinda mwaka 1995. Cardiff, Swansea na Wrexham, ambazo zilikuwa za kulipwa, ziliachwa huko huko England. Wrexham unayoishangilia iko kule kwa sababu ilishaota mizizi kabla Wales haijawa na ligi ya kuiita nyumbani.

Wanawake wao hawakuwa na mizizi ya kuachiwa. Iling'olewa mapema.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanawake waliofanya kazi katika viwanda vya silaha vya kusini mwa Wales waliunda timu na kucheza mechi za kuchangia fedha. Desemba 1921 chama cha England kikapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya klabu wanachama wake, na FAW ikafuata mwaka 1922. Marufuku hiyo ilidumu Wales hadi 1970. Fikiria maana yake kwa klabu: karibu nusu karne bila uwanja, bila mwamuzi anayetambuliwa, bila ratiba. Timu ya taifa ya wanawake ilicheza mechi yake ya kwanza mwaka 1973 mjini Llanelli, ikafungwa na Ireland 3–2, na chama cha soka hakikuitambua kama timu yake. Hali iliendelea hivyo kwa miaka mingine karibu ishirini, wachezaji wakijichangisha wenyewe.

Kilichobadilisha mambo ni wachezaji watatu, Laura McAllister, Michele Adams na Karen Jones, waliomwendea katibu mkuu mwaka 1992 na kumtaka chama kiwachukue wanawake kama kinavyowachukua wanaume. Katibu mkuu ni yule yule Alun Evans, aliyekuwa akigombana na klabu za wanaume mwaka huo huo. Alikubali. McAllister baadaye akawa nahodha wa taifa, na Aprili 2023, msimu huo huo unaouulizia, alichaguliwa kuingia kamati ya utendaji ya UEFA, kisha akawa makamu wa rais wake. Si safari ya kawaida kwa mtu aliyeanza kwa kuomba tu timu yake itambuliwe.

Sasa shika tarehe hizi mbili. Kombe la Wanawake la Wales lilichezwa kwa mara ya kwanza msimu wa 1992/93. Ligi ya taifa ya wanawake ilianza 2009. Katikati kuna miaka kumi na saba ambamo wanawake walikuwa na ligi za mikoa tu, na kombe ndiyo mashindano pekee rasmi ambapo timu ya kaskazini ingeweza kukutana na ya kusini kugombea ubingwa wa nchi. Tumezoea kuona kombe kama kitu cha pembeni baada ya ligi. Kwa wanawake wa Wales kombe ndilo dada mkubwa, na ligi ni mdogo wake wa mwisho.

Hapo ndipo jibu la swali lako la Ulaya linapoanzia. UEFA ilipoanzisha Kombe la Wanawake la klabu msimu wa 2001/02, Wales haikuwa na bingwa wa ligi wa kupeleka. Ikapeleka bingwa wa kombe. Wanaume walishapita njia hiyo zamani: Cardiff City ilifika nusu fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1968 ikiwa timu ya daraja la pili England, na Wrexham iliitoa Porto katika mashindano hayo mwaka 1984, zote zikiwa zimefuzu kwa Kombe la Wales. Kwa wanawake waliofaidika zaidi ni Cardiff City Ladies, timu iliyokuwa ikicheza kila wiki katika ligi ya England lakini ikienda Ulaya kwa jina la Wales kwa sababu ya kombe.

Na hapa naomba uwe makini, maana watu wengi hujikwaa. Cardiff City Ladies si Cardiff City iliyocheza fainali ya 2023. Ladies ni klabu inayojitegemea, ilianzishwa mwaka 1975, na bado inacheza katika mfumo wa England. Humo walipita Jess Fishlock na Sophie Ingle kabla ya kuwa majina makubwa. Cardiff City uliyoiona kwenye matokeo ni timu ya wanawake ya ile klabu ya wanaume unayoijua, na inacheza ligi ya Wales. Mji mmoja, majina karibu sawa, na yote mawili yamo katika orodha ya mabingwa wa kombe hilo hilo. Ukiona mtu mtandaoni anajumlisha vikombe vya "Cardiff City" vya miaka ya 2000 pamoja na hiki cha 2023, ujue amejumlisha klabu mbili.

Tangu ligi ianze, tiketi ya Ulaya ilihamia kwa bingwa wa ligi. Kwa hiyo ndiyo, Cardiff ya kocha Iain Darbyshire ilikata tiketi ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2023, lakini kwa sababu ilitwaa pia ligi msimu huo. Wangepoteza fainali ya kombe wangekwenda vile vile. Briton Ferry wangeshinda wangebaki na kombe, medali na picha. Mimi naona hilo lilikuwa pigo kwa kombe. Kwa nchi yenye klabu chache namna hii, tiketi moja ya Ulaya inayopatikana kwa mechi chache za mtoano ilikuwa ndoto ambayo timu ndogo ingeweza kuiota mchana. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba bingwa wa ligi huenda na kikosi imara zaidi na UEFA ndivyo inavyotaka. Bado naona pigo.

Sasa Briton Ferry wenyewe. Briton Ferry ni mji mdogo kwenye mlango wa mto Neath, katikati ya Swansea na Port Talbot, eneo la bandari na viwanda vya chuma. Msimu wa 2022/23 timu yao ya wanawake ilikuwa Adran Kusini (Adran ndilo jina la ligi za wanawake za Wales), na Adran Kusini ni daraja la pili kweli. Lakini neno "daraja la pili" linakudanganya, kwa sababu unalipima kwa ngazi ya England uliyoizoea kupitia Wrexham.

Mwaka 2021 FAW iliupangua mfumo wa wanawake. Juu ikawekwa ligi ya timu nane tu, Adran Premier. Chini yake ligi mbili sambamba, Adran Kaskazini na Adran Kusini. Zile nane za juu msimu huo zilikuwa Cardiff City, Swansea City, Cardiff Met ambayo ni timu ya chuo kikuu, The New Saints, Barry Town United, Aberystwyth Town, Pontypridd na Abergavenny. Zilikutana nyumbani na ugenini, mechi 14, kisha zikagawanywa nne za juu na nne za chini zikaendelea kumalizana zenyewe kwa zenyewe. Mwisho wa msimu inashuka timu moja. Inapanda moja. Na hiyo moja inapatikanaje wakati kuna mabingwa wawili huko chini? Bingwa wa Kaskazini na bingwa wa Kusini wanacheza mechi moja ya mchujo. Mshindi anapanda, aliyefungwa anarudi alikotoka kama vile msimu mzima hakufanya lolote.

Bingwa wa Kusini mwaka 2023 alikuwa Briton Ferry. Bingwa wa Kaskazini alikuwa Wrexham yako.

Unaona picha inavyobadilika? Ngazi yenye mlango mwembamba kiasi hicho hubakiza chini timu ambazo hazistahili kuwa chini. Timu mbili bora za daraja la pili zinaweza kuwa na uwezo sawa na zile za nusu ya chini ya Premier, au kuzidi, na zisipande kwa mwaka, miwili, mitatu. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa watu waliolipa viingilio. Novemba 2022 Cardiff City iliwakaribisha Abergavenny kwenye uwanja mkubwa wa klabu na watu 5,175 wakaja, rekodi kwa mechi ya ligi ya wanawake Wales. Rekodi hiyo haikumaliza msimu. Tarehe 26 Machi 2023 Wrexham iliifunga Connah's Quay Nomads 2–0 kwenye uwanja wa Racecourse mbele ya watu 9,511, ikathibitisha ubingwa wa Kaskazini. Ile ilikuwa mechi ya daraja la pili! Mwezi mmoja hivi baadaye, Aprili 22, kaka zao waliifunga Boreham Wood 3–1 uwanjani hapo hapo na kutwaa ligi ya daraja la tano la England kwa pointi 111. Klabu moja, msimu mmoja, nchi mbili. (Usidhani kila Jumapili hujaa hivyo, mechi ya kawaida ya wanawake Wales bado ina watu unaoweza kuwahesabu kwa macho.)

Haya, sasa uje kwenye droo. Mtoano haumwulizi mtu yuko daraja gani, unamwuliza kama ameshinda leo. Timu za madaraja ya chini hutangulia katika raundi za awali, za juu huingia baadaye. Tuseme zimebaki timu 16, nane za Premier na nane za chini, na droo ni huru. Wewe ni timu ya daraja la pili. Kati ya wapinzani 15 waliobaki, saba ni wa daraja lako au chini zaidi. Nafasi yako ya kukwepa timu ya Premier raundi hiyo ni 7 kati ya 15, karibu nusu. Wakati huo huo timu za Premier zinakutana zenyewe, na kila zikikutana moja lazima ing'oke. Ligi ya juu ikiwa na timu 20, kama ya wanaume England, raundi hiyo ya 16 inaweza kujaa wakubwa watupu. Ikiwa na nane tu, haiwezekani. Upande mmoja wa droo unaweza kujikuta umebaki wazi, na timu nzuri ya chini, ikishinda mechi mbili tatu mfululizo, inajikuta fainali. Si muujiza wala si udhaifu wa kombe. Ni hesabu ya nchi ndogo.

Kuna na jiografia, ambayo mtu aliye mbali haioni kwenye ramani. Wales si kubwa, lakini milima imekaa katikati. Kutoka Cardiff hadi pwani ya kaskazini kwa barabara kuu ya A470 ni kama kilomita 300 za kona na vijiji, zaidi ya saa nne kwa gari. Ukitaka treni, inakupitisha ndani ya England kwanza. Wachezaji wa Adran wengi wao wana kazi au masomo. Wakicheza ugenini Jumapili, Jumatatu asubuhi wanatakiwa dawati, darasani au zamu ya hospitali. Ndiyo sababu daraja la pili limekatwa vipande viwili, kaskazini na kusini: hakuna klabu ndogo inayomudu nauli ya kuvuka milima kila wiki mbili. Matokeo yake ni kwamba bingwa wa Kusini na bingwa wa Kaskazini wanaweza kumaliza msimu mzima bila kupimana nguvu, isipokuwa kombe liwakutanishe au ifike mechi ya mchujo.

Na 4–0? Matokeo hayo nayasoma kwa utulivu kuliko unavyoyasoma wewe. Cardiff hawakuwa tu timu ya Premier, walikuwa mabingwa wake, na waliingia fainali wakitafuta kukamilisha ligi na kombe kwa mkupuo. Tofauti ya timu bora ya nchi na timu bora ya daraja la pili ni kubwa kuliko tofauti ya timu hiyo bora ya daraja la pili na ile inayoshika nafasi ya sita au ya saba katika Premier. Mabao manne yanakupa ule umbali wa kwanza. Hayakuambii chochote kuhusu wa pili. Ukitaka kuwapima Briton Ferry vizuri, acha fainali, angalia mechi ya mchujo waliyocheza na Wrexham kwenye msimu huo huo: walifungwa 1–0. Bao moja tu, dhidi ya klabu yenye uwanja wa kuingiza watu elfu tisa na wamiliki ambao dunia nzima inawajua kwa sura.

Bao hilo moja lilikuwa na gharama kubwa kuliko yale manne, ukiniuliza mimi. Wrexham walipanda, na majira hayo hayo ya kiangazi mwaka 2023 wakaanza kuwapa wachezaji wao mikataba ya malipo ya muda. Briton Ferry walipoteza fainali ya taifa, wakapoteza mchujo, wakarudi Adran Kusini kucheza tena na wale wale waliokwisha kuwazoea.

Kwa hiyo, kombe dhaifu au ligi dhaifu? Nisingetumia neno hilo kwa yote mawili. Ligi ni nyembamba. Wachezaji bora wa Wales hawachezi humo. Fishlock alikwenda Marekani, Ujerumani na Ufaransa, Ingle akaenda Chelsea, na kikosi kilichoipeleka Wales kwenye fainali zake za kwanza za Ulaya, Uswisi mwaka 2025, kwa sehemu kubwa kilitoka klabu za nje. Hapo ndipo FAW inapobanwa pande zote mbili. Ikiruhusu klabu zake za wanawake zivuke kwenda England kutafuta ushindani, inarudia kilichotokea kwa wanaume na ligi yake inabaki ganda. Ikizizuia, wasichana wenye vipaji wanavuka mmoja mmoja. Imechagua hilo la pili, na kwa historia niliyokueleza ya mwaka 1992 sioni kama ilikuwa na chaguo jingine la kweli.

Kombe lenyewe nalitetea. Ni mahali pekee ambapo timu kama Briton Ferry inaweza kuonekana na nchi nzima kabla ngazi haijakubali kuipandisha. Wao walitwaa Adran Kusini tena msimu uliofuata, safari hiyo wakashinda mchujo pia, na msimu wa 2024/25 wakacheza Adran Premier, pamoja na Wrexham waliowatangulia kwa mwaka mmoja na bao moja.